Hatua ya Kumi na Moja

Dundee, mwezi wa kwanza. Saa kumi jioni, giza limeshakaa.
Ukungu wa Mto Tay umepanda mpaka ghorofa ya tatu
ukaegemea dirisha kama mgeni asiyejua kupiga hodi.
Nimevaa glavu mbili juu ya mbili.
Mkononi nina kichupa,
ndani yake unga mweupe, miligramu kumi na nne.
Miezi minne ya maisha yangu:
chafya moja tu, kwisha.

Wundanyi, darasa la pili, tulitegana:
nyumba yangu haina mlango.
Yai! tulipiga kelele wote, hata asiyejua.
Leo nalipwa mshahara kwa kazi hiyohiyo,
kujenga nyumba isiyo mlango
na kumlaza ndani mwenye kisu.

Mwenye kisu ni pete ya kaboni tatu,
imekunjwa kwa nguvu, inatafuta pa kufyatukia.
Ikikutana na DNA huteleza kwenye mfereji ule mwembamba,
hung'ata adenini
na haibanduki.
Seli ikitaka kujinakili, inajikwaa hapo, inakufa.
Tatizo ni kwamba haichagui.
Seli ya uvimbe, ya uboho, ya unywele,
kwake zote kitoweo.

Basi naikatisha pete kabla haijawa pete.
Naacha mkia wa klorini unaning'inia,
na pale kwenye oksijeni, penye ulimi wake,
naweka kifuniko.
Sasa inapita kwenye damu
kama tarishi aliyebeba barua asiyojua kuisoma.
Ndani kabisa ya uvimbe, ambako hewa haifiki vizuri,
kipo kimeng'enya chenye vidole vya kufungua.
Kikulacho ki nguoni mwako, nilifundishwa.
Sikufundishwa kwamba na ufunguo
huenda umo mfukoni mwa nguo hiyohiyo.

Lumsden, fundi wa vioo, aliniambia siku moja
bila kuinua macho kwenye ndimi za moto:
baba wa babu yake alivuta gesi ya haradali vitani,
akarudi nyumbani kukohoa miaka kumi na miwili.
“Na mimi mwaka juzi,” akasema,
“walinitia mshipani mjukuu wa gesi ileile.
Mjukuu ana adabu kidogo.”
Akageuza kioo. Akacheka peke yake.
Nyusi zake zimeota upya, chache, rangi ya shaba.

Hayo yote yalikuwa jana.
Jana usiku, kwa uroho wa picha safi ya kaboni,
niliyeyusha unga wote kwenye klorofomu,
nikautia katika bomba jembamba, nikaushusha ndani ya sumaku,
nikaenda kulala kama mtu aliyelipa madeni.

Asubuhi bomba lilikuwa na rangi ya chai ya mkandaa.

Asidi. Chembe tu, klorofomu kuukuu,
chupa iliyokaa juani wakati wa kiangazi
(hata Dundee jua huja, na huharibu).
Usiku kucha ilibisha, ikabisha,
na kifuniko changu kikafunguka mbele ya asiyehusika.
Kisu kilitoka, kikakuta hamna mtu,
kikajikata chenyewe.

Sikulia. Niliosha bomba mara tatu.
Nikashuka ngazi hadi chumba cha moto.
Lumsden alinitazama usoni, kisha mikono.
Hakusema pole.
“Ngapi?” akauliza.
“Mbili. Shingo ndefu.”
Akawasha.

Nimerudi juu. Daftari, ukurasa mpya: hatua ya kwanza,
gramu hamsini za kitu cha bei rahisi
kisichojua kitaitwa nini.
Na kwenye chupa ile ya klorofomu nimebandika karatasi,
kwa Kiswahili, niielewe mimi peke yangu:

Huyu hatunzi siri.